Vibao vya Mpini wa Mjomba

Hongo gani? Mjomba wangu hakumhonga mkaguzi. Hata chai hakumnunulia, na chai ndiyo kitu cha kwanza mjomba humpa mgeni kabla hajamuuliza shida yake. Mie nilikuwepo uwanjani siku ile. Wewe hukuwepo. Wewe ulikuwa kwenye kibanda chako cha kinyozi hapo Mtopanga, unamnyoa mtu upande mmoja huku unawasimulia wenzake mambo ambayo hukuyaona, mpaka yule maskini akatoka na kichwa kama nazi iliyokunwa nusu ikaachwa. Mashine ya kunyolea unaijua. Mambo ya mjomba wangu huyajui. Kaa hapo nikwambie, na anayesoma haya naye akae, maana najua umeshaeneza.

Mjomba ni kaka wa mama yangu, tumbo moja. Ana duka la vifaa vya ujenzi Magogoni: misumari, saruji, rangi, mabomba, vitasa. Wezi waliliingia mara mbili. Mara ya kwanza walibeba rangi. Mara ya pili walibeba kila kilichobebeka, na wakitoka wakachukua na ndara zake alizoziacha mlangoni. Utacheka, lakini ndara ndizo zilizomuuma. "Saruji wataijengea," aliniambia. "Ndara zangu watazifanyia nini? Zishajipinda kwa mguu wangu." Na zile ndara zilikuwa na kazi nyingine. Paka wa kwa muuza samaki wa jirani wote walizijua. Mjomba alikuwa akikaa kwenye kiti chake, haondoki, hageuki vizuri, anavua ndara na kuirusha, na paka aliye hatua ishirini anaipata ya kiuno. Sijapata kumuona akikosa. Hilo liweke pembeni, tutalirudia.

Baada ya wizi wa pili mjomba akabadilika. Akawa anafunga duka kabla ya alasiri. Akawa anakaa ameuelekea mlango kama anayengoja habari mbaya. Utani ukamwisha, na mjomba bila utani ni kama pweza bila nazi, analika lakini kwa nini. Ndiyo akaomba leseni ya bastola. Akapelekwa ofisi hii, akarudishwa ile, akachukuliwa alama za vidole, akapimwa na daktari, majirani wakaulizwa kama ni mtu wa hasira. Wakasema hasira zote za ukoo kapewa mpwa wake, yeye hana. Wanaona wanachekesha.

Ikapita zaidi ya mwaka, barua ikaja. Ameruhusiwa anunue bastola moja, ila kwanza aonyeshe shabaha mbele ya mkaguzi, kwenye uwanja wa kulengea. Akaenda, akapewa bastola ya pale ajaribu. Risasi kumi. Karatasi ya kulengea ilibaki safi kabisa, ungeweza kuiandikia barua ya posa. Mkaguzi akamwambia amebakisha nafasi moja tu. Akikosa tena, faili linafungwa na anaanza upya, toka kwenye alama za vidole. Mjomba akarudi nyumbani, akavua kofia, akasema hivi, nami nilikuwa nimekaa pale pale: "Nikirudishwa mwanzo, nauza duka. Siwezi kukaa mwaka mwingine nikiogopa mlango wangu mwenyewe."

Lile duka ndilo lililonilea mie baada ya baba kufariki. Nimesoma hesabu kwenye misumari ile. Kwa hivyo asije mtu akaniambia yalikuwa mambo ya kitoto.

Sababu ya kukosa, kwa maneno yake, ni mpini. "Mpini ule haukuwa wa mkono wangu." Akaamua anunue bastola yake kabisa, achague na mpini unaomkaa, ndiyo arudi kujaribiwa. Akanichukua mie niende naye, maana mipini ndiyo kazi yangu.

Hapo ndipo watu huuliza nimesomea wapi. Sikusomea popote. Nilianza na kisu cha mkazamjomba, yaani mke wa mjomba, kilichong'oka mpini. Nikakichongea kipya kwa kuangalia kwenye simu jinsi watu wanavyofanya. Cha kwanza kilivunjika, cha pili kikanikata, cha tatu anacho mpaka leo. Sasa natia mipini ya visu, mapanga na patasi, na natengeneza mbuzi za kukunia nazi. Maseremala wa njia panda waliniambia nikasuke nywele. Sikuwajibu. Haya, niliwajibu, lakini haikufika hata nusu saa.

Duka la bastola liko ng'ambo, mjini. Mlango una askari, askari ana daftari, daftari lina kalamu imefungwa kwa kamba, nikajiuliza nani atakayeiba kalamu kwenye duka la bastola. Ndani kuna mzee mmoja wa Kimvita, kofia ya vito, miwani imening'inia shingoni kwa uzi. Wakaanza kuamkiana na mjomba. Habari za nyumbani, njema, za watoto, alhamdulillahi, za biashara, tunashukuru, na wale waliohamia Likoni, wazima. Nikaona tutauliza bei Idi ijayo.

Hatimaye mzee akaleta kisanduku. Bastola fupi, imechubuka kidogo pembeni, haikuwa mpya. "Hii ilikuwa ya bwana mmoja kastaafu," akasema. "Macho yamemwisha. Mkewe akamwambia airudishe kabla hajamdhania yeye mwizi."

Akaifungua akatuonyesha haina kitu, akaifungua tena akatuonyesha tena, ndiyo akampa mjomba. Mjomba akaipokea kwa mkono wa kulia, polepole, kwa adabu, kama anapokea sahani ya pilau kwa mama mkwe. Akaielekeza ukutani alipoambiwa. Mdomo wa bastola ukatangatanga ukutani kama nzi.

"Hapana," akasema. "Mpini."

Mpini wa bastola ile una vibao viwili, kimoja kila ubavu, vimefungwa kwa skrubu. Ukitaka unavitoa, unatia vingine. Mzee akatoa droo nzima ya vibao. Akafunga vya mpira.

"Vinanata," mjomba akasema. "Kama nimeshikana mkono na mtu aliyekula halua."

Akafunga vya plastiki. "Hii sabuni."

Akafunga vya mti vilivyochorwa miraba midogo midogo. "Hii inanikwaruza. Nalenga ama nakuna nazi?"

Akataka vile vya kwanza tena. Akauliza kama viko vya rangi nyingine. Nimewahi kumsindikiza bibi harusi kuchagua leso, na wallahi yule alikuwa na haraka kuliko mjomba. Mzee wa duka anafunga skrubu, anafungua skrubu, jasho linamtiririka chini ya kofia.

"Mzee mwenzangu," akasema mwishowe, "bastola si kiatu."

"Kiatu kikinibana nakivua," mjomba akamjibu. "Hii ikinibana, risasi itakwenda kwa nani?"

Nikaona haya yatatufikisha magharibi. Nikasema, "Nitamchongea mie."

Mzee akavaa miwani kunitazama, maana kwa macho matupu hakuamini. "Wewe?"

"Mie."

"Umejifundisha wapi?"

"Kwenye kidole hiki. Nimekitoboa mara nne. Kiulize."

Akacheka, na hapo nikampenda. Akanipa vibao vya zamani vilivyopasuka viwe kigezo. Bastola yenyewe ikabaki kwake, haitoki mpaka karatasi zitimie. "Vikiwa tayari niletee nivifunge," akasema. "Jumamosi nitaipeleka mwenyewe uwanjani."

Jumamosi ilikuwa siku sita mbele.

Nikachonga kwanza kigogo mfano wa ile bastola, kibao cha mpini na kipande cha bomba la maji kwa mbele, mjomba awe na kitu cha kushika. Mti wa vibao nilitumia mchi wa bibi uliovunjika, mkwaju mgumu, umetwanga miaka. Jumatatu nikamshikisha mjomba kigogo kwa mkono wake wa kulia, nikachora vidole vyake kwa kalamu ya risasi, nikachonga. Jumanne akajaribu.

"Gumba halina pa kukaa," akasema.

Nikachonga vingine. Jumatano akajaribu.

"Gumba bado linahangaika. Halafu hivi vinanuka thomu. Nikivishika nasikia njaa."

"Ni mchi wa bibi, mjomba. Ulitwanga thomu na tangawizi miaka arubaini."

"Basi mwizi akija nitamkaribisha chakula."

Nikakasirika. Nakiri. Nilikuwa sijalala vizuri siku mbili, vidole vimejaa vijiti, na huyu ananifanyia utani. Nikaitupa chini tupa niliyokuwa nalainishia mti, nikamwambia, "Mjomba, vibao havina ubaya. Labda tukubadilishe mkono."

Mjomba wangu, ambaye hata kwa daktari wa meno huwa anaongea, akakiweka kigogo chini bila utani. Akaingia ndani, na chai yake akaiacha mezani. Nikaona nimemvunjia heshima, na usiku kucha nikawa najiapiza nifunge mdomo, kitu ambacho nishajiapiza mara nyingi.

Alhamisi alasiri nikaenda kuomba radhi. Mkazamjomba alikuwa anakanda unga wa mahamri, unga laini wa tui na iliki, maana siku hiyo alikuwa anamngoja Maalim. Maalim ni mzee aliyewasomesha Kurani chuoni wanaume wa rika la mjomba, sasa ameishiwa meno na Alhamisi huja kunywa chai. Mjomba alikuwa keshanawa, amekaa, kikombe mkononi, anamsimulia mkewe habari ya lori lililomwagika saruji Changamwe. Hakunitazama.

"Mwanangu," mkazamjomba akaniita.

"Abee."

"Penseli yako haijui kitu. Mkono unaandikwa kwa unga." Akachukua kigogo changu, akauvika mpini donge la unga, akamtia mumewe kwenye mkono usio na kikombe. "Shika kama unavyoona raha. Na uendelee kusema, usifikiri."

Mjomba akashika huku anaendelea na lori lake. Hata hakuangalia. Akaminya, akarudisha, akanywa chai.

Nikakipeleka kigogo jikoni kwenye mwanga. Ukaaji mzuri sana wa vidole, umetulia, umekolea, kama mtu aliyelala kitandani kwake. Ila gumba lilikuwa upande usio wake. Nikadhani nimekigeuza. Nikakigeuza. Likabaki pale pale. Nikashika mie kigogo kingine, nikalinganisha, nikazunguka jikoni kama kuku anayetafuta pa kutaga, mpaka ikanijia. Kikombe kilikuwa mkono gani? Wa kulia, bila shaka. Nani kwetu anayekunywa kwa kushoto? Mkono wa kulia ulikuwa na kikombe, kwa hivyo donge alilishika kwa wa kushoto.

Na hapo paka wote wa Magogoni wakapita mbele ya macho yangu, mmoja mmoja, na ndara nyuma yao. Zile ndara zilikuwa zikitoka mkono gani?

Nikakumbuka na mengine. Nikiingia dukani ghafla nilikuwa nikimkuta nyundo iko mkono wa kushoto, akiniona inahamia wa kulia. Nilidhani ni mzee tu anapumzisha mkono.

Nikapiga picha lile donge kwa simu, nikatoka uani kuvuta pumzi, maana kulia kidogo nilitaka na sikujua kwa nini. Niliporudi kigogo kilikuwa uchi. Mkazamjomba alikuwa amelivua lile donge akalitia kwenye mafuta na wenzake. Na sebuleni Maalim ameshafika.

Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba, amelishika hamri moja analitazama, analigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hamri hili lina vidole," akasema.

Mjomba akalitazama hamri. Akanitazama mie. Ile sura, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni, na yeye ndevu zimeshaingia mvi.

Mie sijui kuzunguka. "Mjomba, wewe ni wa kushoto."

Mkazamjomba akasimama na upawa mkononi. Miaka yote ya ndoa, hakujua. Akaniambia baadaye alikuwa akishangaa tu mbona mumewe hufungua makopo vibaya.

Mjomba akaweka kikombe chini. "Chuoni nilikuwa naandika kwa huu," akasema, akiutazama mkono wake wa kushoto kama wa mtu mwingine. "Wewe Maalim ukanifunga kwa kamba ya mkeka. Ukanichapa mpaka nikahamia huu wa kulia. Wa kushoto sijautumia mbele za watu toka siku hiyo, ila kuwarushia paka ndara."

Maalim akatafuna polepole, kwa ufizi. "Mie?"

"Wewe, Maalim."

"Niliwafunga wengi. Wewe ndiye yule aliyeiba maembe ya msikiti?"

"Hapana. Yule alikuwa ndugu yangu."

"Basi sikukumbuki," Maalim akasema, bila ubaya wowote, akamega tena.

Mtu kabeba aibu umri mzima, na aliyemtwika hakumbuki hata uso wake. Halafu mjomba akaanza kucheka. Kicheko chake cha zamani kile, kinachoanzia tumboni na kutikisa kiti, ambacho hatukukisikia toka wezi.

"Lakini, Maalim," akasema akijifuta macho, "kulenga bastola kwa kushoto si vibaya?"

"Kula kwa kulia. Kupeana kwa kulia. Hilo sikulibadilisha." Maalim akajipangusa mdomo. "Risasi nayo, wataka kumpa mwizi kwa heshima?"

Na ushahidi wote ukawa umekwisha kuliwa. Namshukuru Mungu nilikuwa nimepiga picha.

Ijumaa baada ya sala nikachonga vibao vipya, mchi ule ule, gumba likalala upande wake. Jioni mjomba alivijaribu juu ya kigogo, kwa kushoto, mlango wa nyuma umefungwa asionekane na jirani. Akashika. Akavipeleka puani. "Bado vinanuka thomu," akasema, na hiyo ndiyo asante kubwa kuliko zote nilizopata kwa kazi yangu. Jumamosi mapema nikampelekea mzee wa duka, akavifunga, vikakaa kama vilizaliwa pale.

Uwanjani mkaguzi alikuwa jamaa mmoja wa bara, zamani mwanajeshi, shingo kama gunia. Mzee wa duka akamkabidhi bastola, akaikagua, akamnyooshea mjomba. Mjomba akaipokea kwa kulia. Nikataka kupiga kelele, lakini pale kupiga kelele kuna adhabu. Kumbe alikuwa anapokea tu, adabu ni adabu. Akaihamishia kushoto, halafu akageuka kwetu sote, mie, mzee wa duka, mkaguzi, na askari mmoja aliyekuwa anakula karanga.

"Mtaniwia radhi," akasema. "Natumia mkono wa kushoto."

Mkaguzi akamwangalia. "Mzee wangu, hapa hatuli. Wewe piga tu."

Akapiga. Sitakudanganya kwamba risasi zote zilikwenda katikati, hii si sinema. Moja ilitoboa karatasi ya jirani, na mpaka leo hatujui ilifikaje. Lakini saba zilikaa kwenye karatasi yake, na zilizotakiwa ni sita. Mdomo wa bastola haukutangatanga. Alikuwa amelegeza bega vile vile anavyolegeza akiwa kwenye kiti chake na paka anajisogeza kwenye samaki. Mkaguzi akahesabu matundu, akahesabu tena, akamwuliza, "Mwezi uliopita ulikuwa na shida gani?"

"Mpini," mjomba akasema.

Akaandikiwa amepita. Hakuna mtu aliyeingiza mkono mfukoni, si wa kulia wala wa kushoto, na mie nilikuwa nawatazama wote, kwa sababu nakujueni.

Sasa duka linafungwa baada ya isha. Bastola iko kwenye sanduku la chuma na funguo anazo yeye, na inshallah haitatoka humo mpaka anakufa. Ukienda leo utamkuta anapigilia msumari kwa kushoto, mlango wazi, watu wanapita. Chenji yako bado atakupa kwa kulia. Amenunua na ndara mpya, na paka wa samaki wameanza tena kupita mbali.

Halafu wewe, kinyozi, unawaambia watu ati mzee aliyekosa zote kumi hawezi kupata saba mwezi mmoja baadaye bila kutoa kitu. Alitoa, ndiyo. Alitoa mkono aliouficha toka chuoni. Nakuuliza wewe, na nakuuliza na wewe unayesoma huku unatabasamu: mkono unaotumia, uliuchagua mwenyewe, au ulichapwa tu ukaukubali?